Siku Iliyoponea Chupuchupu

Kidole cha dada mtu kilikuwa kimeshagusa kitufe cha kufuta alipokisimamisha.

"Futa tu, Dada," alisema mdogo wake bila kuinua macho. Yeye ndiye aliyeandika ile programu huria ya kuhesabu tarehe, ambayo hata zahanati huitumia kupangia chanjo. Dada ndiye mtunza mwongozo wake. "Wasomaji wanalalamika. Mwongozo unasema mwaka elfu mbili ulikuwa na siku 366, programu inasema 365. Mwaka wa kufunga karne hauna Februari ishirini na tisa. Programu haiongopi."

Kidole hakikushuka.

"Hebu ngoja."

Badala ya kufuta, aliandika tarehe moja ya mwaka huohuo, akabonyeza. Programu ikajibu upesi: *Tarehe hii haipo.*

Akacheka mpaka kiti kikalia.

"Kumbe mwanangu wa kwanza hakuzaliwa," alisema. "Na wewe, mjomba mtu, siku ile ulipotoka mbio peku kunitafutia gari, ulikuwa unakimbilia nini?"

Mdogo mtu aliinua macho. Keki ya mpwa wake, ile ya kila baada ya miaka minne, huinunua yeye. Aliitazama skrini, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe, kana kwamba vumbi la siku ile lilikuwa bado limeiganda.

Akavuta kiti.

"Sogea, Dada," alisema. "Mwongozo usiuguse."