Orodha ya Jana

Kapteni wa jeshi alipiga meza kwa kitako cha bastola, kompyuta ikatikisika.

"Majina iko makumi ine na tatu! Hapa naona makumi ine na moja. Ile mbili iko wapi?"

Timothée, fundi wa kompyuta za bandari, hakuinua macho. Alikuwa zamuni tangu alfajiri. Nje ya dirisha lake wasafiri wa boti la Isangi walisukumana, vibali mkononi. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita, na hakuna aliyetoka Kisangani kabla mashine haijalinganisha jina lake na orodha ya wanaotafutwa.

"Liste mupya imefika, mon capitaine. Lakini hii plug-in, programu ndogo yenye kuisoma, imejiwekea nakala ya jana kwenye kache, akiba yake ya muda. Inasoma ile ya jana tu. Tuzime programu, tuiwashe tena. Dakika kumi."

"Uzime? Uwanja wa ndege na gare zote za treni zinatumia programu hiyo hiyo! Ndege ya colonel iko karibu kutua. Ukizima, nakutupa mtoni. Futa hiyo kache na programu ikitembea!"

"Alors unipe nafasi niitafute!" Timothée alifoka.

Aliandika, akafuta, akatukana kwa Kinande. Jasho lilimtiririka shingoni.

Nassoro, mwenye boti, alichungulia mlangoni. "Papa capitaine, mchele wa askari uko ndani, Isangi wanaungoja. Twende ao tubaki?"

"Waliopata muhuri wapande, muende! Wengine wasimame hapo hapo!"

Watu wakazomea. Mwanamke mmoja alibaki ameganda dirishani, mtoto mgongoni, kibali chake kimeshapigwa muhuri. Timothée alimwona, akasimama kwa hasira hata kiti kikaanguka.

"Wewe mama! Muhuri unao, unanisimamia hapa kufanya nini? Ondoka! Panda boti!"

Mwanamke hakusogea. "Papa, uko na roho mubaya sana."

"Ndiyo, mubaya! Toka mbele ya macho yangu!"

Mtoto alinyoosha mkono kwenye nondo za dirisha. "Papa," akasema. Timothée alifunga dirisha kwa kishindo, akasikia ndara za mama yule zikielekea botini.

Kapteni alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Fundi, wewe ungefaa jeshini."

Timothée aliinua kiti, akakaa, akarudi kwenye kompyuta. Alikosea herufi mara tatu. Kapteni alizunguka chumba akihesabu dakika kwa sauti, akiapa kwamba safari hii atamfunga mtu. Huko nje injini ya boti iliunguruma, ikasogea mbali, ikawa mlio mwembamba, kisha haikusikika tena.

Hapo Timothée aliandika mstari mmoja tu, akabonyeza. Programu haikuzimika hata kidogo. Majina yakajipanga upya kwenye kioo: makumi ine na tatu.

"Unaona? Sekunde moja!" Kapteni alinguruma. "Asubuhi yote ulikuwa unafanya nini?"

Timothée alikuwa ameondoa mikono kwenye kompyuta, ameiweka juu ya meza, viganja juu.

Kapteni aliinama, akapitisha kidole chini ya mistari miwili ya mwisho, akasoma kwa sauti:

"Makumi ine na mbili: Nyota Waziri, mwalimu, anabeba mtoto mgongoni. Makumi ine na tatu: bwana yake, Timothée Paluku, fundi wa bandari."