Mkono Uliofufuka

Donge la damu lilikuwa dogo kama punje ya mchele, jeusi, likiteleza kwenye kitambaa cheupe kama konokono aliyevuliwa gamba. Daktari wa mishipa ya ubongo alikuwa amepitisha mrija mwembamba pajani mwa mgonjwa, akaupandisha hadi kichwani, akalivuta bila kupasua fuvu.

"Mzee, inua mkono wa kulia."

Mkono uliolala kama gogo tangu kiharusi kimpige asubuhi uliinuka. Wauguzi walipiga vigelegele.

Daktari alikuwa na kawaida yake: humwonyesha ndugu wa mgonjwa kile kilichotaka kumuua mtu wao. Akalibeba donge kwenye kitambaa, akamwita mke wa mzee aliyekuwa akisubiri mlangoni.

Mama wa watu aliingia, akamwinamia mumewe, machozi yakimlengalenga. "Pole, baba watoto."

Kofi likamtua shavuni. Mkono uleule wa kulia.

"Nani kakwambia uite majirani waje kuniona nimejikojolea?" mzee alifoka, mate yakimchuruzika kidevuni.

Wauguzi wakatazama sakafu. Daktari, aliyezoea damu na usaha kama mpishi alivyozoea moshi, alirudi nyuma hatua moja. Akatazama glavu zake, akatamani kuvua na ngozi.

Mama hakushtuka, wala hakujishika shavu. Alilitazama donge kwa muda, kisha akasogea karibu na sikio la daktari.

"Mwanangu," alinong'ona, "haliwezi kurudishwa pale lilipokuwa?"