Mkono wa Baba Tima

Vazi la chuma halimfundishi mgonjwa wa kiharusi mwendo mpya. Linamrudishia ule wa zamani, uliohifadhiwa na kamera ambazo siku hizi kila nyumba lazima iwe nazo.

"Atakuwa vilevile alivyokuwa," mtabibu alisema akimfunga Baba Tima vazi hilo. "Mama, mbona hufurahi?"

Mwanakombo, mke wa mgonjwa, aliitazama kamera ya ukutani. Somo wake alimfunda kabla ya harusi kwamba mambo ya ndani hayasemwi nje, hata kipigo. Mtabibu akaenda zake.

Tangu augue, mumewe alikuwa mpole, akilia na kumwomba radhi kila alipolishwa.

Mchana Mwanakombo alimnawisha, akampakulia wali na mchuzi. Mkono wa chuma ukamega tonge, ukalifikisha mdomoni. Chumvi ilikuwa imezidi. Baba Tima alikunja uso kidogo tu, na vazi likaliona hilo.

Mkono ukakunja ngumi, ukapanda juu. Baba Tima aliung'ang'ania kwa mkono wake mzima, ukamshinda nguvu.

"Mama Tima, si mimi," alisema. "Kimbia!"

Miguu ya vazi ikamwinua kitini, ikamsimamisha.

Mwanakombo akakimbilia mlango wa uani, kama alivyokuwa akikimbilia zamani. Vazi nalo lilikuwa linaijua njia hiyo.