Dawa ya Mizizi

Kwa miaka sita Mwanaidi alikunywa mizizi michungu aliyochemshiwa na mama mkwe wake ili apate mtoto. Asubuhi moja, ndani ya sanduku la mumewe, Shekue, aliona cheti cha hospitali cha miaka mitano iliyopita. Shekue hakuwa na mbegu za uzazi, alizaliwa hivyo.

Mama mkwe alipoleta kikombe, Mwanaidi alikisukuma mbele ya Shekue.

“Mama, mwenye tatizo ni huyu. Alijua, na bado akakaa hapa kunitazama nikitapika.”

Shekue aliinamisha kichwa. “Niliona aibu.”

“Aibu yako nimeinywa mimi.”

Mama mkwe alitoka nje. Wakasikia sufuria nzima ikimwagwa juu ya makaa.