Kozi ya Saba

Kuta za nyumba za watu Fundi Mbaruku alizimaliza kwa wiki tatu, lakini nyumba yake ilipanda kozi moja tu, mstari mmoja wa tofali, kila miezi sita. Vidonge vilikwisha kumponya homa ya ini aina ya C, ila ini lilibaki na makovu, na kila nusu mwaka hospitali ilipima damu yake kutafuta dalili za saratani. Jibu likiwa jema, aliweka kozi moja. Majirani waliuita ujenzi wa konokono.

Asubuhi hiyo alirudi kutoka hospitali akamkuta mkewe, Siwatu, ameshakoroga saruji ya kozi ya saba.

"Wamesemaje?"

"Alama zote za saratani kwenye damu ziko chini. Daktari anasema hatari imepungua, nirudi baada ya mwaka."

"Mwaka mzima? Basi leo kozi mbili."

"Taratibu, mama Zuwena. Amesema imepungua, hajasema imekwisha."

"Na mimi sijakwambia uezeke leo."

Mbaruku akacheka. Akaweka tofali la kwanza, akaligonga kwa mpini wa mwiko mpaka likakaa sawa. Aliponyoosha mkono kuomba uzi wa kunyooshea, hakupewa. Siwatu alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiufunga kwenye nguzo ya pembeni, juu kabisa, pale mlango utakapoishia.

"Huko ni kozi ya kumi na nne, mke wangu."

"Najua. Shika huo upande mwingine."

Akaushika, akarudi nao kinyumenyume, macho juu, akitafuta pa kuufunga.