Kumsindikiza Chilufya

Jiwe liligonga bati wakati Chilufya anakariri vitenzi vya Kifaransa, na hakuna mtu mezani aliyeinua kichwa. Papa Kazadi aliendelea kumenya karanga. Mama Madeleine alisogeza tu sufuria ya bukari, ugali wa huko, mbali na dirisha.

"Wageni! Mwende kwenu!" sauti ya kijana ilipita nje ya uzio, ikacheka, ikatokomea.

Chilufya alijua anaambiwa yeye. Mtaani pale Kikula, mgeni alikuwa nani mwingine? Alitoka Kitwe, Zambia, likizo ile ndefu ya mwaka 1992, kusoma Kifaransa kwa masista wa Likasi, ng'ambo ya mpaka, ili arudi kukifundisha kwao. Kiswahili chenyewe alikuwa anakikokota. Parokia ilimtafutia familia, na familia ikampa chumba kizuri kuliko vyote, kile ambamo Papa Kazadi mwenyewe alizaliwa, alale na binti yao mdogo, Hadassa. Sasa zimebaki wiki chache, na watu hawa wema wanapigwa mawe kwa ajili yake. Kwa aibu akaisogeza sahani yake kando.

"Mama, niende nikalale kwa masista," alisema asubuhi. "Mimi ndiye ninawaletea haya."

Mama Madeleine alimkodolea macho.

"Eeh Mungu! Weye? Weye ulikuja kusoma, mutoto wangu. Soma! Utatoka mu hii nyumba na diplome yako mu mukono. Batu banasema tu, baache baseme."

Waache waseme! Jamani, kwani yeye hana macho? Papa Kazadi, fundi umeme aliyezoea kupanda gari la kazi kwenda kituo cha umeme cha Koni, sasa alishinda nyumbani na kaptula. Kazi imesimama, alisema, na kweli mwaka ule Likasi kila kitu kilikuwa kimesimama. Lakini bombani je? Wanawake walikuwa wanaisukuma ndoo ya Mama Madeleine nyuma ya mstari kila ilipokaribia maji. Halafu vitu vikaanza kutoka ndani ya nyumba. Cherehani ilikwenda, kisha redio, kisha kabati la vyombo. Wanauza ili wanilishe mimi, Chilufya aliwaza, akaanza kula nusu sahani.

Kilichomuumiza zaidi ni ule ugomvi. Jioni moja Papa Kazadi aliingia mbio kutoka mjini, akasema na mkewe kwa lugha ya wazazi wao, lugha ya mkoa wa mbali walikotoka wazazi hao, ambayo Chilufya hakuielewa, huku akionyesha mlango. Mama Madeleine akatikisa kichwa, akaonyesha chumba cha wasichana.

"Chilufya," alisema. Akarudia kwa ukali, "Chilufya!"

Papa Kazadi akakaa chini, akashika kichwa. Chilufya, aliyekuwa anachungulia kutoka chumbani, akajitupa kitandani akalia, uso ndani ya mto. Basi baba anataka nitoke, na mama ananitetea.

Siku hizo hizo jirani yao Martine, ambaye zamani hakupitisha wiki bila kuomba chumvi, alikuja bila kuomba kitu. Alipapasa kuta, akauliza kama bati linavuja. Chilufya akajua: huyu anakitaka chumba changu, hata sijaondoka!

Mtihani alishinda. Aliporudi na cheti, Mama Madeleine alipiga vigelegele uani peke yake. Hakuna jirani aliyeitikia. Akamnyanyua Chilufya, akamzungusha, akambusu. Kisha akamwambia mumewe neno moja tu, na Papa Kazadi akavaa viatu akaenda mjini kabla ya kula.

"Kesho unakwenda," alisema aliporudi. "Lori yako inapakia karibu na gare. Tutakusindikiza shiye bote."

"Papa, msijisumbue. Naweza kwenda peke yangu."

"Mugeni aende peke yake?" Mama Madeleine alidakia. "Shiye tuko banyama?"

Wakatoka asubuhi na mapema, mizigo kichwani: sufuria, mablanketi, hata godoro limefungwa kamba. Chilufya aliona haya. Zawadi zote hizi!

"Godoro la nini, Papa?"

"La safari."

Kwenye kona wanawake wawili walimkumbatia Mama Madeleine wakilia kwa sauti. Moyo wa Chilufya ukapoa kidogo. Kumbe wapo watakaonikumbuka.

Karibu na gare, stesheni ya treni, palijaa watu wameketi juu ya vyombo vyao, watoto wanakohoa kwa moshi wa kuni. Lambert, dereva wa lori, alipokea sanduku la Chilufya akalipandisha. Chilufya akamwonyesha na godoro. Papa Kazadi akakataa kwa kichwa.

Treni ya mizigo ikapiga honi. Umati wote ukanyanyuka pamoja. Papa Kazadi akamnyanyua Hadassa akamtia ndani ya behewa, akatupa godoro, akamvuta mkewe juu.

"Mama! Lori iko huku!"

"Tunajua, mutoto wangu." Mama Madeleine sasa alikuwa analia bila kujificha. "Enda. Enda ufundishe."

"Treni ya kwanza tuliiacha!" Hadassa alipaza sauti. "Mama alisema mpaka umalize!"

Kando ya reli kijana mmoja alipiga kelele, na Chilufya aliitambua ile sauti. "Wageni! Mwende kwenu!" Kidole chake kilimpita Chilufya, kikaenda moja kwa moja kwa Papa Kazadi.

Treni ilipokwisha kupotea, Lambert alimshika mkono ampandishe kwenye lori.

"Pole, dada. Ulikuwa unasindikiza banani?"

"Wenyeji," alisema Chilufya.