Miwani ya Shujaa

Miwani ya shujaa ilikuwa imejaa mavi tena.

Mfagizi wa bustani aliziba pua kwa kiwiko, akachovya brashi kwenye ndoo. Njiwa walikuwa wamemaliza haja zao kwenye kofia, mabegani, mpaka kwenye masharubu. Sanamu yenyewe ilikuwa ya kichwa na kifua tu, juu ya nguzo fupi, na miwani ya rubani iliyopandishwa kwenye paji la uso ilikaa kama vibakuli viwili. Ndani yake uchafu ulikuwa mbichi, umechanganyika na punje za mtama. Alidhani njiwa wametapika. 

"Jana nilikuacha unang'aa kama sufuria mpya," aliisemesha sanamu. "Una nini wewe? Mbona daktari pale hawamgusi?"

Kweli, sanamu ya daktari, hatua chache tu kutoka hapo, ilikuwa safi.

Kesho yake ilikuwa sherehe: miaka hamsini tangu rubani huyu avuke milima kwa ndege, wa kwanza kabisa. Kila mtoto wa shule aliijua habari. Injini ilichoka katikati ya vilele, ndege ikaanza kushuka, naye akatupa nje kila kizito, sanduku la spana, madumu, hata viatu vyake, akatua upande wa pili na soksi. Kwenye nguzo walichonga kwa herufi kubwa: PEKE YAKE.

"Kesho nikiona hata tone moja," msimamizi alikuwa ameshasema, "kibarua chako kitaota nyasi." Na nyumbani mfagizi alikuwa na mke mjamzito, pamoja na mama mkwe aliyekuja kusalimia akahamia na godoro lake.

Mjane wa rubani alifika kama kawaida yake, na gauni la kijivu na mkoba mkubwa. Maua hakuwahi kuleta hata siku moja. Alisimama akaikunjia pua sanamu ya mumewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo wamemfanya vibaya."

"Wananitia kinyaa, hawa njiwa. Nitawatilia sumu, wallahi."

"Usithubutu!" Ukali wake ulimshtua mfagizi. Kisha mama akalegeza sauti. "Yule alikuwa hapendi uchafu hata kidogo. Shati likiwa na doa, ananirushia usoni. Kaka yangu ndiye aliyekuwa fundi wa injini yake. Kwa sababu ya grisi kwenye kucha tu, hakukubali kula naye meza moja."

"Kaka yako yupo bado?"

"Wanasema alitoroka na mwanamke, asubuhi ileile ya safari. Nilipobisha, nikaambiwa nimechanganyikiwa."

Mfagizi alimhurumia. Kaka kamkimbia, mume kageuzwa choo cha njiwa. Akasugua mpaka mkono ukafa ganzi, na alipoondoka jioni shaba ilikuwa inawaka.

Asubuhi ya sherehe aliwahi kabla viti havijapangwa. Alijibanza nyuma ya kibanda cha zana, brashi mkononi, tayari kuwafukuza njiwa mmoja mmoja.

Aliyetokea alikuwa mjane. Alifungua mkoba, akachota mtama, akaujaza kwenye miwani ya mumewe, jicho la kulia, kisha la kushoto. Akaunyunyiza mabegani. Akaushindilia kwenye masharubu kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Njiwa walishuka wote kwa pamoja kutoka kwenye mapaa.

Mfagizi alichomoka mbio. "Mama! Kumbe ni wewe! Miezi yote hii nachezea mavi kwa ajili yako! Wanakuja kunifukuza kazi leo!"

Mjane hakushtuka. Alikung'uta viganja.

"Nisamehe kwa hilo, mwanangu. Wewe hukunikosea."

"Lakini ni mumeo! Huoni haya? Mtu aliyevuka milima ile!"

Njiwa mnene alitua juu ya kofia, akainua mkia. Uteute mweupe ukateleza puani mwa shujaa, ukadondoka juu ya yale maneno yaliyochongwa. Mama aliutazama kwa chuki isiyozeeka, kisha akayageuza macho kwa mfagizi.

"Ndege ilipopaa nilikuwepo uwanjani," alisema. "Niliwapungia mkono wote wawili, yeye na kaka yangu."

Mfagizi akaweka brashi chini, akakinga kiganja apewe mtama.